Vipele vya Siku Tatu

Mwezi wa saba mwaka 1996 nilirudi kutoka shule nikiwa na vipele. Nilikuwa na miaka 8, darasa la kwanza, kwetu Tanga. Vilianzia usoni, vikashuka shingoni na kifuani, vidogo vidogo, hafifu, hata kwenye ngozi yangu nyeusi vilijulikana zaidi kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Homa haikuwa kali. Nyuma ya masikio palivimba tezi mbili kama punje za kunde. Bibi alisema ni harara. Harara msimu wa kipupwe! Lakini bibi akishasema, imesemwa. Jirani akasema ni surua ile ndogo, ya siku tatu. Mama alinipaka poda mgongo mzima, akanilaza chumbani kwake, na siku ya nne nilikuwa uwanjani nikicheza mpira wa makaratasi. Nusu ya darasa letu walivipata muhula ule, na simkumbuki hata mmoja aliyepelekwa hospitali.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye vikamtoka mama. Kwake vilikuja na maumivu ya viungo vya vidole, asiweze kukunja ngumi wala kukanda unga, na kwa asubuhi mbili wateja wake wa maandazi wakakosa. Kisha navyo vikapotea. Mimba yake ilikuwa bado haijatimiza miezi miwili, na aliyeijua ni baba peke yake.

Mdogo wangu alizaliwa Februari 1997. Alikuwa na kilo mbili na kidogo, ingawa miezi yake ilitimia. Ndani ya mboni za macho yake mlikuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Mhudumu wa zahanati moja, ambayo sitaitaja, alimwambia mama kwamba ukungu ule utatakata wenyewe mtoto akifikisha arobaini. Arobaini ikapita. Ukapita mwaka. Mtoto hakugeuka alipoitwa, wala hakushtuka sufuria ilipoanguka. Alikaa akiwa na mwaka mmoja na zaidi, na kutembea kukaja baadaye sana. Kliniki moja mama aliambiwa awe na subira, watoto hawafanani. Nyingine akaulizwa kwa nini hakumleta mapema.

Nyumbani maswali yalikuwa ya namna nyingine. Upande wa baba waliuliza kama kwa kina mama kuna vipofu. Shangazi mmoja alikumbuka, au alisema anakumbuka, kwamba mama aliwahi kumcheka ombaomba kipofu sokoni akiwa na mimba. Mama alinyweshwa kombe, akafukizwa ubani, akakatazwa kulala na mtoto upande wa kibla, sababu yake siijui hadi leo. Alikubali yote. Ninamkumbuka ameketi kwenye mkeka, mtoto mapajani, akiyapepea macho yale kwa ncha ya kanga kana kwamba ukungu ungepeperuka.

Mwaka 2000 tulimpata daktari wa macho aliyeuliza swali ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nilikuwa na miaka 12, nimesimama mlangoni na mfuko wa chakula. Alimmulika mtoto machoni, akausikiliza moyo wake muda mrefu, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Kisha akavuta kiti, akakaa. “Mama, mimba ya huyu ilipokuwa changa, uliwahi kupata homa na vipele?”

Mama alifikiri. “Vipele vya siku tatu,” akasema.

Daktari akatikisa kichwa taratibu, akaandika. Mimi pale mlangoni nikaikumbuka poda.

*

Swali lile lina historia, na nimeisoma mara nyingi kupita kiasi. Mwaka 1941, Sydney, Australia, daktari wa macho aitwaye Norman McAlister Gregg alianza kuletewa vichanga wenye mtoto wa jicho kwa wingi ambao hakuwahi kuuona. Ulikuwa wakati wa vita, na mwaka uliotangulia rubela, ndiyo ile surua ndogo ya siku tatu, ilikuwa imesambaa nchini humo, ikienea hata katika kambi za askari. Inasimuliwa kwamba Gregg aliwasikia kina mama wawili wakizungumza wakisubiri zamu zao: kumbe wote wawili waliugua rubela walipokuwa wajawazito. Angeweza kupita. Hakupita. Alianza kuuliza kila mama, akawaandikia na madaktari wenzake, wakakusanya watoto 78. Mama wa watoto 68 kati yao walikumbuka ugonjwa ule, wengi katika miezi ya mwanzo ya mimba. Oktoba mwaka huo akayasoma matokeo mbele ya wenzake mjini Melbourne.

Hawakukubali wote. Rubela ilihesabika ugonjwa wa kitoto, na wengi waliamini kwamba mtoto aliye tumboni amehifadhiwa. Isitoshe, ushahidi wote ulisimama juu ya maneno ya kina mama. Uziwi nao ulidhihirika baada ya muda kidogo, watoto wale walipofikia umri wa kusema wasiseme.

Kinachonigusa zaidi ni kazi ya mwanatakwimu wa Australia, Oliver Lancaster, iliyotoka mwaka 1951. Alifungua vitabu vya sensa za zamani, akawapanga viziwi kwa mwaka wa kuzaliwa. Waliozaliwa 1898 na 1899 walikuwa wengi mno, wamesimama kama kichuguu katikati ya uwanda. Rubela ilikuwa imepita. Hapakuwa na daktari aliyeliona wakati ule. Mama za watoto wale bila shaka waliishi na masimulizi yao wenyewe, kila mmoja na ombaomba wake sokoni, na walizikwa nayo. Nusu karne baadaye, safu ya tarakimu kwenye sensa ikaonyesha kwamba walikuwa wamepatwa na jambo moja.

*

Kirusi chenyewe ni dhaifu kwa mtu mzima. Huingia kwa hewa, mtu akikohoa au kupiga chafya, hukaa kimya wiki mbili hadi tatu, ndipo vipele vitoke, na wengi hawatoki vipele kabisa. Lakini kikikuta mwanamke asiye na kinga naye ana mimba changa, hupita kwenye damu mpaka kwenye kondo la nyuma, kikavuka. Huko ndani kinakuta kazi ya ujenzi. Katika majuma yale ya mwanzo lenzi ya jicho inajifunga, moyo unagawanya vyumba vyake, na ile sehemu ya ndani ya sikio iliyojisokota kama konokono inaanza kujikunja. Rubela hupunguza kasi ya seli kugawanyika na huumiza mishipa midogo ya damu. Kiungo kinachojengwa wiki ile kinabaki na seli pungufu au kasoro, na wiki ile hairudi tena. Ndiyo maana tarehe ni kila kitu. Mama akiambukizwa ndani ya wiki 12 za kwanza, watoto tisa kati ya kumi huweza kupata madhara, kama mimba haikuharibika. Kufikia wiki ya 16 hatari imepungua sana na kinachobaki zaidi ni uziwi. Baada ya wiki 20 ni nadra.

Mdogo wangu alipatwa na vyote vitatu: macho, masikio na moyo. Kuna mshipa ambao kwa kila mtoto aliye tumboni huunganisha mishipa miwili mikubwa karibu na moyo, na hutakiwa kujifunga siku chache baada ya kuzaliwa. Wake ulibaki wazi kidogo. Namshukuru Mungu kwamba ni kidogo.

Sasa lile la mkosi, kwa nini mama yangu peke yake. Kabla ya chanjo kufika nchini, utafiti uliofanyika Mwanza kwa wajawazito ulikuta zaidi ya tisa kati ya kumi tayari wana kingamwili za rubela. Maana yake waliugua utotoni, yakaisha. Mama yangu alikuwa katika wale wachache ambao kirusi kiliwaruka utotoni, kikawakuta ukubwani. Ninaamini ndiko lawama zilikopata nguvu. Ugonjwa ungewapata wajawazito wote wa mtaa, watu wangesema ni ugonjwa. Ulimpata mmoja, wakamtafutia sababu iliyo ndani yake. Mtaani kwetu nusu ya watoto walikuwa na vipele, wajawazito walikuwa kadhaa, na mtoto mwenye ukungu machoni alikuwa mmoja tu. Mtu angehitaji kuwa Gregg kuunganisha hayo, na sisi hatukuwa na Gregg.

*

Watu huniuliza madhara yake kwa ukuaji wa mtoto, wakitarajia nitaje kasoro za mwili. Kasoro za mwili ni mwanzo tu. Kirusi kilikuwa kimemaliza kazi yake kubwa kabla mama hajaanza hata kuonekana ana mimba. Yaliyofuata yalitokana na milango iliyofungwa na muda uliopita kabla haijafunguliwa.

Anza na macho. Jicho halizaliwi likijua kuona. Ubongo hujifunza kuona kwa kupokea picha zilizo wazi tangu wiki za mwanzo, na usipozipokea, sehemu ile ya ubongo haijengeki vizuri. Ndiyo sababu mtoto wa jicho ambao mtu huzaliwa nao hutakiwa kuondolewa katika majuma au miezi ya mwanzo, si miaka. Mdogo wangu alifanyiwa upasuaji ana miaka mitatu na nusu. Jicho la kulia lilipata uwezo wa kuona vitu vya karibu, la kushoto linatofautisha mwanga na giza. “Angekuja akiwa na miezi miwili,” alisema daktari yule, akanyamaza. Mama alimleta zahanati hata kabla ya arobaini. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti. Nilikuwa mtoto, nikainama.

Kisha masikio, na hapa ndipo tulipokosea sisi wenyewe, nyumba nzima. Tulidhani asiyesikia hana la kuambiwa. Tukamlisha, tukamwogesha, tukambeba, tukampenda, lakini hatukumpa lugha. Mtoto asiye na lugha hawezi kuuliza. Hajui kwamba vitu vina majina. Hajui kesho ni nini, kwa hiyo mama akitoka kwenda sokoni, kwake mama ametoweka. Alikuwa akijibamiza kichwa ukutani, akiuma mkono wake, na watu wakasema akili imeguswa. Kwa baadhi ya watoto wa rubela ubongo huguswa kweli. Stella Chess, daktari wa akili wa watoto huko New York, aliwafuatilia watoto 243 waliozaliwa na rubela baada ya wimbi kubwa la 1964 na 1965. Akakuta 10 wana usonji kamili na 8 wana sehemu ya dalili zake, wakati ambapo usonji ulihesabiwa kwa watoto wanne au watano katika kila elfu kumi. Kwa hiyo sisemi kwamba lugha peke yake ingeponya kila mtoto. Ninasema kuhusu wetu: alipopelekwa shule ya viziwi akiwa na miaka saba, na mwalimu akamshika mikono akamfundisha alama ya maji huku akimmiminia maji, kile kichwa kiliacha ukuta ndani ya muhula mmoja.

Muhula mmoja. Miaka saba ya giza, na funguo ilikuwa mikononi mwetu, kwa maana halisi ya mikono.

Likizo ya kwanza alirudi na alama za mikono kama themanini, akaanza kutufundisha. Lazima uketi karibu naye, uso kwa uso, pawe na mwanga, na mikono yako isitoke mbali na kifua, maana anaona kama anayechungulia kwenye tundu la mlango. Umeme ukikatika, mazungumzo yanakatika. Basi akabuni njia yake: akaweka viganja vyake juu ya mikono yangu ili aisome ikitembea. Baadaye nilijifunza kwamba viziwi wasioona wa nchi nyingi hufanya hivyo hivyo. Yeye hakuambiwa na mtu.

Katika wimbi lile la Marekani watu milioni 12.5 waliugua, na watoto wapatao 20,000 walizaliwa na madhara. Maelfu yao walikuwa viziwi. Walikua kwa pamoja, kizazi kimoja kilichojaza shule za viziwi na kupata lugha ya alama kwa wingi ule, na katika miaka ya 1980 wengi wakaingia Chuo Kikuu cha Gallaudet, mjini Washington. Machi 1988 wanafunzi wa chuo hicho waligoma kwa wiki nzima wakidai mkuu wa chuo aliye kiziwi, na wakampata. Nikisoma habari hiyo sioni “waathirika”. Naona watoto waliopewa lugha mapema. Kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, zikafuata nyingine, na bado mtoto wa kijijini anaweza kufikisha miaka kumi bila kuwa na jina la kitu chochote kichwani mwake.

*

Rubela haiko peke yake. Zika, ambayo iliwafanya watoto wa Brazil wazaliwe na vichwa vidogo mwaka 2015, imepewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda. Huko ndiko kirusi hicho kilikopatikana kwa mara ya kwanza, mwaka 1947, katika damu ya kima wa utafiti aliyewekwa msituni. Miaka karibu 70 kilihesabika kuwa homa ndogo isiyo na neno. Kingine ni sitomegalo, ambacho wengi hatujalisikia hata jina lake, nacho huenea kwa mate na mkojo wa watoto wadogo. Katika nchi zilizoishinda rubela, hicho ndicho kirusi kinachoongoza kwa kuwafanya watoto wazaliwe na uziwi au waupate baadaye. Mfano wa aina hiyo hiyo: homa ndogo kwa mama, au hata hakuna homa, na mtoto analipa.

Lakini rubela ndiyo tuliyo na dawa yake ya kuikinga, tangu mwaka 1969. Aprili 2015 bara zima la Amerika, kaskazini na kusini, lilitangazwa kuwa halina tena maambukizi yake ya ndani. Rwanda ilianza kuchanja mwaka 2013. Tanzania tulianza Oktoba 2014, kwa kampeni ya surua na rubela iliyowafikia watoto zaidi ya milioni 20, wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Kenya wakafuata 2016. Sasa ni chanjo ya kawaida, mtoto akifika miezi 9, kisha 18.

Gari la matangazo lilipopita mtaani kwetu mwaka ule wa 2014, jirani yangu mmoja, baba wa wavulana wawili, aligoma. “Kama ni ugonjwa wa wajawazito, wachanjwe wasichana. Wangu watazaa?” Nilikaa naye kibarazani mpaka magharibi. Nilimweleza kwamba kuchanja wachache ni hatari kuliko anavyodhani: kirusi hupungua kasi, wasichana wengi hukua bila kukutana nacho, kisha hukutana nacho wakiwa na mimba. Ugiriki ilipita humo. Walianza kuchanja katikati ya miaka ya 1970 bila kuwafikia watoto wa kutosha, na mwaka 1993 mlipuko ukawakuta wanawake wa umri wa kuzaa. Ndiyo maana kampeni yetu ilichukua wote kwa mpigo, wavulana kwa wasichana. Chanjo yenyewe ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito hapewi. Aliye tumboni, kama mama yake hana kinga, hana wa kumkinga isipokuwa watoto wanaomzunguka mama yake.

Hakuelewa, au hakutaka. Nikaona sina budi kumwambia lile ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nikamwambia kuhusu mvulana wa miaka 8 na poda.

Kesho yake aliwapeleka wote wawili.

Usiku ule sikulala vizuri, maana nilikuwa nimemwambia jirani kabla ya mama. Ijumaa nikaenda nyumbani. Mdogo wangu alikuwa uani anasuka ukili, kazi ambayo vidole vyake huifanya haraka kuliko wenye macho, na mama alikuwa pembeni yake anachambua mchele. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nikamweleza wiki mbili na siku kadhaa, nikamwambia maana yake. Nikasema ugonjwa ule uliingia humu ndani na mimi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, yakatoka hovyo.

Hakuacha kuchambua. Aliokota chuya moja, akaitupa, akaokota ya pili.

“Nilijua tangu siku ile ya daktari,” akasema. “Wewe unadhani nilikuwa sijui kuhesabu?”

Nikamuuliza kwa nini hakusema, miaka yote ile wakimsema yeye.

“Niseme nini, baba? Uligeuza mgongo, unawashwa, unalia. Nikakupaka poda. Ulitaka nisikushike?”

Mdogo wangu alihisi kuna jambo. Akauweka chini ukili, akasogea, akaweka viganja vyake juu ya mikono yangu, akisubiri nimweleze.